Nilimsomea Cucu shukrani ambazo tajiri hakuandika kwenye kitabu chake

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi niko Majengo, Nyeri, mlima leo umejifunika na maji ya bomba yanauma vidole.

Hii story nimekaa nayo wiki tatu. Nitawapa vile ilivyokuwa, bila chumvi. Kuongeza chumvi ndiko kulikoniletea aibu, mtaona.

Kwanza mnijue. Naitwa Kui, nasuka nywele kwa saluni ya Mama Shiro. Shule niliachia Form Two lakini kusoma sijaacha. Napenda sana vitabu vya maisha ya watu, hizi memoir. Yangu pia itakuja siku moja. Jina la kitabu niko nalo, picha ya cover niko nayo, yamebaki tu maisha yenyewe.

Sasa, braids ndogo zinachukua masaa manne, matano. Mteja akikaa hivyo bila kitu anaanza kusengenya majirani. Mama Shiro ameokoka, akasema heri tusengenye watu wa vitabu. Kwa hivyo anayesuka anasuka, na mwenye mikono iko free anasoma kwa sauti. Wateja wanatoa maoni.

Na maoni ya saluni hayana huruma, wakuu.

Kuna Salma, anauza sambusa karibu na msikiti, mteja wetu wa kila mwezi. Yeye husema hivi vitabu vyote ni kimoja, wanabadilisha tu picha ya mbele.

"Hebu ngoja," hunikatiza nikiwa page ya pili. "Hajatembea miguu chini bado?"

"Bado."

"Anakuja. Hawa wote walienda shule bila viatu. Kwani wenye viatu walienda wapi? Mbona hao hawaandiki?"

Mama Shiro naye huangalia bibi ya mtu amepewa nafasi gani. Kuna kitabu jamaa alieleza ng'ombe wake wa kwanza chapter nzima, bibi akapata mistari miwili, na mmoja ulikuwa wa mazishi. Mama Shiro alikifunga, akakiweka chini ya mguu wa draya iliyokuwa inayumba. Kiko hapo mpaka leo na kinafanya kazi nzuri.

Turudi kwa story.

Siku moja Salma akaja na kitabu cha tajiri mmoja wa malori. Jina nalibana. Alianza kama turnboy, yaani utingo, kule Kiriaini, kwa lori la majani chai, na leo ukisimama barabarani pale Kenol huwezi kumaliza dakika kumi bila lori lake kukupita. Nikaanza kusoma. Nilipotaja Kiriaini, nje kwa veranda kukanyamaza.

Hapo kwa veranda hukaa Cucu Wangari, nyanya yetu sisi wote, anaambua minji, yaani njegere, na kuuza. Minji zake hulia tap tap kwa beseni kutoka asubuhi mpaka jioni. Sasa hazikulia.

Akaingia na beseni yake kwa mkono.

"Huyo kijana namjua," akasema.

"Kijana!" Salma akacheka. "Cucu, huyu tumbo lake linaingia kwa mlango kwanza, yeye anafuata."

"Wakati huo hakukuwa na tumbo. Nilikuwa napika kwa hoteli pale stage, nikiwa msichana. Alilala kwa store yangu ya unga miaka mbili. Mimi ndio nilimpea viatu yake ya kwanza."

Akaketi kwa kiti cha wateja, kitu hajawahi kufanya. Macho yake yameingia ukungu, kusoma hawezi. Akaniuliza polepole, kama mtu anaulizia majibu ya hospitali:

"Niangalilie, Kui. Ameniandika?"

Nikapindua kurasa mbio. Mchungaji ameshukuriwa. Mwalimu ameshukuriwa. Benki imeshukuriwa. Hata lori la kwanza limeshukuriwa, na namba zake. Kiriaini ilikuwa page moja tu: ati hakuwa na mtu, alilala popote giza lilipomkuta, na viatu alijinunulia kwa jasho lake.

Nikamwangalia Cucu. Alikuwa amefungua kitambaa cha kichwa na anakifunga upya, vizuri, kama mtu anayeenda kupigwa picha.

Mdomo wangu ukaenda peke yake.

"'Pale Kiriaini,'" nikasoma, na hakuna kitu nilikuwa nasoma, "'kulikuwa na mpishi kwa jina Wangari. Alinipa mahali pa kulala, na viatu vyangu vya kwanza, vyeusi, vya ngozi. Bila yeye singefika hapa.'"

Salma akapiga kigelegele. Mama Shiro akasema Mungu hasahau. Cucu akarudi kwa veranda. Lakini siku hiyo kila aliyenunua minji aliongezewa mkono mzima.

Nilienda nyumbani najiona malaika, wakuu.

Kesho yake saa tatu, hata sijavaa aproni, Cucu huyu hapa.

"Nisomee tena."

Hiyo sikuwa nimeifikiria! Kitabu cha kweli kinarudia maneno yake. Changu kilikuwa hewani. Nikafungua page yoyote, nikakohoa, nikaanza. Mpishi nilimkumbuka. Mahali pa kulala nikakumbuka. Nikafika kwa viatu.

"'...viatu vya brown, vya kamba...'"

"Jana vilikuwa vyeusi," Cucu akasema.

Salma alikuwa amerudi kumaliziwa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Akageuka akaniangalia.

"Labda... labda hiyo ni page ingine, Cucu."

"Ilikuwa gambuti, Kui. Gambuti za baba yangu, zile za mpira. Ya kushoto ilikuwa imetoboka, nikaiziba na tyubu ya baiskeli."

Nilitaka draya inimeze. Machozi yakatoka, nikamwambia yote. Kwamba hayuko. Hata mstari, hata jina. Kwamba nilimwonea huruma.

Cucu akakaa hivi, mikono kwa magoti.

"Jana nilifurahi sana," akasema. "Halafu nikafika nyumbani nikajiuliza, na gambuti iko wapi? Mtu hasahau gambuti ya kiraka. Sasa wewe umenipea viatu sikutoa, na ile nilitoa haiko mahali. Hiyo ni huruma ama umeniibia mara ya pili?"

Nikafunga kitabu, nikafuta machozi.

Salma akakasirika kwa niaba ya wote. "Hicho kitabu kiende chini ya mguu mwingine wa draya! Leo!"

"Hapana," Cucu akasema. "Leta kalamu."

Ile page ya Kiriaini iko na nafasi chini. Akaniambia niandike hapo vile atasema, na nisitie sukari. Nikaandika:

*Mimi Wangari nilimpea gambuti za baba yangu. Ya kushoto ilikuwa na kiraka.*

Nikaongeza "kwa upendo mwingi". Akaniambia nisome. Nikasoma.

"Toa hiyo ya upendo. Nilikuwa nimechoka kuona miguu yake kwa unga yangu."

Tulicheka mpaka Salma akaumia kichwa, maana Mama Shiro alikuwa bado ameshika nywele. Kisha Cucu akamalizia:

*Hakusema asante. Lakini alizivaa mpaka zikaisha.*

Sasa wakuu, mimi bado napenda hivi vitabu. Lakini nikisoma "sikuwa na mtu", nasimama hapo kwanza, natafuta mwenye jikoni. Na hata yangu nimeianza, kwa daftari. Nimeanzia nyuma, kwa majina ya watu wa kushukuru. Mama Shiro ameona jina lake na ameuliza atapewa chapter ama mistari miwili.

Cucu amekuja kusomewa ile page mara nne. Kila mara maneno ni yale yale, na kila mara nikifika kwa kiraka anaitikia na kichwa, anarudi kwa minji zake.

Haya, nanyi. Kitabu gani cha mkubwa mlisoma mkajiuliza huyu alipikiwa na nani? Na aliyewapa nyinyi gambuti ni nani? Mwandikeni hapa chini, bila sukari. Cucu ameshasema nitamsomea comments zote, na nyinyi mnajua siwezi tena kubadilisha hata rangi ya kiatu.