Blogu Niliyoipa Sita kwa Ishirini

Mimi nikipenda kitu, siwezi kukipenda polepole. Siku monsieur l'abbé, padri aliye mkuu wa maktaba ya chuo chetu hapa Nyalukemba, aliponiambia nisome blogu za teknolojia ya maktaba, nilisahau hata chakula cha mchana.

"Chagua moja tu," alisema. "Ile itasema, njo tutafuata."

Katalogi yetu ilikuwa bado kwenye fiche, vikaratasi vigumu vilivyojaa kabati zima la droo, kila kitabu na fiche yake. Jumatatu seremala angekuja kulivunja kabati atengeneze meza za kompyuta, na fiche zingechomwa, isipokuwa kama blogu yangu ingesema vingine. Zote zilikuwa zimeandikwa kwa mkono na mzee mmoja tuliyemwita papa, aliyeanza kazi hapa kabla sijazaliwa. Wiki hiyo alikuwa akifuta vumbi kwenye droo kila asubuhi.

Mimi nilikuwa upande wa moto, sifichi. Nilichora jedwali na kuzipa blogu alama kwa ishirini, kama mwalimu wa sekondari: nani kaandika, lini, anauza kitu au hauzi, sura yake ikoje. Ya kwanza ilipata kumi na saba. Ilikuwa na picha za maktaba ya vioo ambako mashine inateremsha vitabu yenyewe, nikapiga kelele peke yangu. Ilisema fiche zichomwe mara moja. Ya mwisho haikuwa na picha hata moja, na makala yake ya karibuni ilikuwa ya miaka miwili iliyopita. Nikaitupia sita.

Ijumaa mchana nilimwonyesha papa jedwali langu, huku nikijivuna. Alivaa miwani, akalisoma hadi mwisho.

"Mutoto yangu, umepima muzuri. Lakini courant ikikatika, ni gani itafunguka?"

Nilicheka. Nusu saa baadaye umeme ukakatika, kama kawaida yake, nikabaki na simu na megabaiti zangu chache. Ile ya kumi na saba ilizungusha kiduara mpaka nikachoka. Ile ya sita ilifunguka palepale, na safari hii niliisoma kweli. Mwandishi alikuwa mkutubi wa mahali ambako umeme huja saa chache kwa wiki. Aliandika: kabla ya kutupa fiche, zigeuzeni, kwa sababu kompyuta hupewa ya mbele tu.

Nikakimbilia kabati. Nikavuta droo, nikageuza fiche moja, kisha kumi. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa penseli! "Volume ya pili iko kwa masœur, ilibakia kule." "Kopi ingine iko mu armoire ya physique." Vitabu tulivyovililia miaka yote kwamba vimepotea, kumbe viko kwa watawa na kwenye kabati la fizikia! Nikamgeukia papa.

"Papa! Juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mutu aliniuliza kama fiche iko na mugongo."

Niliongeza mstari mmoja kwenye jedwali, umeme ukikatika inafunguka au haifunguki, nikazipa blogu zote alama upya, nikaingia ofisini kwa l'abbé bila kubisha hodi, fiche zimejaa mikononi. Alizisoma moja baada ya nyingine. Kisha alimpigia seremala simu akamwambia asije.

Jumatatu nilianza kuandika fiche kwenye kompyuta, mbele na nyuma, papa akinisomea pale penseli ilipofifia. Tulipofika kwenye kitabu kimoja cha historia, aliifunika fiche kwa kiganja. Nikaichukua mwenyewe, nikasoma penseli ya nyuma:

"Musichana wa mwaka wa kwanza alinyeshewa nayo kwa njia. Analia. Nimemwambia kitabu kilikuwa tayari hivi."

Nilikikumbuka kitabu hicho. Nilikumbuka mvua ile na hofu ya kufukuzwa chuo, na papa akikifungua kitabu na kuniambia nisilie, kiliharibika zamani. Nilikuwa nimemwamini mpaka asubuhi ile.

"Hiyo ya nyuma usiiandike," alisema, akitazama dirishani.

Machozi yalinitoka, nikaiandika yote.