Mapipa Niliyoyasugua

Mpaka leo sinywi maji ya nyumba ya watu kabla sijayanusa. Huinamisha kichwa juu ya kikombe kama ninayeomba dua, na wenyeji wangu hudhani ni adabu. Si adabu. Ni hofu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Magongo kwa mamdogo, mdogo wake mama. Mumewe, niliyemwita ba'mdogo, alikuwa kibarua katika kiwanda kilichochanganya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Kila alfajiri alisimama langoni na wenzake, msimamizi akawanyooshea kidole aliowataka, na waliobaki wakarudi makwao. Alikuwa na miaka sita ya kusubiri kidole hicho. Hakuwahi kuandikwa kazi ya kudumu.

Mimi shule iliishia darasa la nane. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi kuukuu na kwa magazeti yaliyokuja nyumbani yamefungiwa vitu vya dukani. Neno jipya niliandika mara kumi, na nikikosea moja nilichana karatasi nzima. Ndivyo nilivyokuwa kwa kila jambo. Nikifagia uwanja, mamdogo alikuwa akiniambia, "Inatosha, mwanangu, utatufikisha kwenye mwamba."

Mwaka huo, katika mwezi wa Shaabani, kiwanda kiliwapa vibarua wa siku nyingi zawadi: kila mmoja pipa tupu la chuma. Asiyewahi kukaa Magongo hatajua uzito wa zawadi hiyo. Mfereji wa mtaa ulitoa maji siku mbili tatu kwa juma, na siku nyingine tulinunua kwa watu wa mikokoteni. Ba'mdogo alilibingirisha pipa lake toka kiwandani hadi mlangoni, majirani wakimpongeza kama mtu aliyeoa mke wa pili. Mamdogo akasema pipa ni bora, kwa kuwa halitaki chumba chake.

Fundi wa kuchomelea alilikata kifuniko, nami nikapewa kazi ya kulisafisha.

Ubavuni lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, ovyo, imechuruzika. Rangi ile iliniudhi. Nilichukua msasa nikaisugua, na chini yake yakatokea maandishi ya Kiingereza, herufi ndogo ndogo, na juu yake picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana.

Nililiona. Nalisema hili kwanza, kwa sababu nilipoulizwa mara ya kwanza nilisema sikuliona. Nilichuchumaa mbele ya fuvu lile, nikajiambia kwamba kilichokuwamo kimekwisha, na kwamba kampuni haiwezi kuwapa watu wake sumu wakati Ramadhani inabisha hodi. Halafu nikaendelea kusugua bila kuyasoma maandishi. Picha ile ilikuwa mbaya na mimi nilitaka pipa zuri. Jioni chuma chote kilikuwa kinang'aa, hakuna herufi, hakuna fuvu.

Harufu ndiyo iliyonishinda, harufu kama ya kitunguu saumu kilichovunda. Nilitia jivu, nikatia mchanga, sabuni, ndimu. Mwishowe nikafanya kama tunavyofanya mitungi ya maji ya kunywa huku kwetu: nililifudikiza pipa juu ya chetezo cha ubani mpaka moshi ukalijaa. Nilifukiza siku tatu. Siku ya nne mamdogo alitia kichwa ndani, akavuta pumzi, akasema, "Lanukia bi harusi hili."

Habari ikaenea. Wake za vibarua wengine wakaniletea mapipa yao, saba, nami nikayasugua yote na kuyafukiza yote. Kila moja lilikuwa na rangi ile ya kijivu. Kila moja nililitoa fuvu lake. Waliponisifu nilifurahi mno. Sikuwa nimezoea kusifiwa.

Ramadhani ikaingia. Mamdogo alikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo hakufunga. Kabla ya kumi la kwanza kwisha alianza kulalamika kichwa, mate yakimjaa kinywani, macho yakiona ukungu. Tukasema ni mimba. Kisha mtoto wa jirani yetu mmoja, mwanamke aliyeuza mahamri, akaanza kutapika na miguu ikamlegea. Alikuwa na miaka mitatu. Ikasemekana ni jicho la hasidi. Halafu bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, mwenye ugonjwa wa sukari, akazidiwa naye.

Siku moja adhana ya magharibi iliposikika nilishika tende mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, na jirani mwingine aliyekuja kufuturu kwetu akasema kwa mzaha kwamba mwaka huu hata maradhi yamejua wasiofunga. Waliokuwapo wakacheka. Mimi nilikirudisha kikombe chini. Mjamzito, mtoto, mgonjwa: hao ndio walioruhusiwa kunywa mchana kutwa. Sisi tuliofunga tulikunywa vikombe viwili vitatu jioni, kichwa kikituuma, tukasema ni saumu. Na wote watatu walikunywa katika mapipa niliyoyasafisha mimi.

Nilitoka nikaliangusha pipa uwanjani, maji yote yakamwagika. Nikaenda nyumba hadi nyumba nikiwaambia wamwage. Wawili walimwaga. Wengine waliniambia maji hayamwagwi kwa ndoto ya mtu mwenye njaa.

Asubuhi yake mamdogo hakuweza kusimama. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa maji. Daktari alimfunua macho, akasikiliza habari ya pipa, akamdunga sindano ya kwanza, kisha akatuambia dawa za wadudu si aina moja. Sindano aliyotaka kufuatisha humfaa aliyekunywa aina moja na humdhuru aliyekunywa nyingine. Alihitaji jina la kilichokuwamo, na alilihitaji siku hiyohiyo.

Ba'mdogo hakulijua. Kiwandani vibarua waliitambua dawa kwa rangi ya kifuniko. "Sisi twaiita kifuniko chekundu," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe ulilisugua. Hukuona maandishi?"

"Sikuona," nikasema.

Sikukumbuka hata neno moja. Nilikumbuka fuvu tu, na kulitaja fuvu lilikuwa jambo nisiloliweza mbele ya uso wake.

Yeye hakuweza kwenda kuuliza. Akienda kushtaki, kesho yake kidole hakitamnyookea, wala siku ya pili, na mke yuko kitandani. Nikaenda mimi. Nilisimama langoni toka saa tatu, kinywa kikavu, mpaka karibu na adhuhuri mlinzi aliponiruhusu kuingia kwa afisa wa wafanyakazi.

Alikuwa mtu mpole, na hilo lilizidi kunitisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nilimweleza yote, ya pipa letu na yale saba, ya mamdogo, ya sindano. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mapipa yetu yana alama ya hatari," akasema. "Kila moja. Hilo lenu lina alama?"

"Lilipakwa rangi ya kijivu juu ya alama."

"Na hiyo rangi bado ipo?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Binti, nakuuliza. Rangi iko wapi?"

"Niliisugua."

"Na alama?"

"Niliisugua pia."

Hakukasirika. Alifungua saraka akatoa karatasi na kalamu. Akasema yeye yuko tayari kusaidia, maana maisha ya mtu ni kitu kikubwa, ila ofisi nayo ina taratibu zake. Niandike tu nilivyosema, kwamba alama za mapipa niliziondoa mwenyewe, niweke jina na sahihi, naye ataniandikia jina la dawa nimpelekee daktari. Niliuliza habari ya rangi ya kijivu, kama niiandike. Akasema rangi hiyo hakuna aliyeiona ila mimi.

Nikaandika. Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi, nami nikakimbia njia nzima.

Daktari alilisoma, akamwita muuguzi, na sindano ya pili ikatolewa. Usiku haujaingia mamdogo aliomba uji. Kitoto kilizaliwa kabla ya siku zake, kidogo mno, lakini kikalia, na tukamshukuru Mungu. Ba'mdogo alinishika mkono akaniambia nimemwokolea watu wawili. Sikumwambia nililipa nini kwa jina lile.

Aliyeniambia nililipa nini hasa alikuwa mama wa mahamri. Bibi wa nyuma alipata nafuu baada ya pipa lake kumwagwa. Mtoto wa mama wa mahamri hakupata. Alikuwa ameacha kutapika, lakini miguu haikurudi, akawa anakokota mmoja. Baada ya Idi mama yake alikwenda kiwandani kuomba msaada wa matibabu. Akarudi moja kwa moja hadi kwetu, mtoto mgongoni, akakaa kizingitini.

"Nimesomewa barua yako," akasema. "Wanasema sumu tumejitia wenyewe. Kila atakayekwenda atasomewa hiyo."

Nikamwambia habari ya jina la dawa na mamdogo kitandani. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeelewa. Kisha akauliza, "Basi walikulazimisha?"

Neno ndiyo lilikuwa ulimini. Lakini nilikumbuka kwamba karatasi ya kwanza ilidondokewa na wino, na ni mimi niliyemwomba afisa ya pili ili nianze upya na isomeke vizuri. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na fuvu pia, kwamba nililiona kwenye pipa letu, na kwenye lake.

Aliikaza kanga iliyomshika mtoto mgongoni. Nilitamani anipige.

"Inuka," akasema. "Maneno haya hutaniambia mimi peke yangu. Utawaambia wao, na rangi yao uitaje."

Tukaenda, mchana ule ule, jua kali, yeye mbele na mimi nyuma. Mlinzi aliuliza jina langu, akapekua daftari lake, akalirudisha chini ya meza. Akasema ana amri ya kutonifungulia. Mama wa mahamri akasema basi tutasubiri vibarua watoke. Tulisubiri ukutani mpaka king'ora kikalia na vibarua wakaanza kutoka mmoja mmoja. Msimamizi wao, mwenye kile kidole cha alfajiri, alisimama pembeni akiwaangalia. Mama alimtaka kila aliyepita asimame aseme mbele yetu nani alipaka rangi mapipa yale, na kila mmoja akapita. Nikamwona ba'mdogo akija. Nikamwita. Alivuta kofia yake usoni, akapita kati ya wenzake, akaifuata barabara ya nyumbani bila kugeuka.