Siku Niliyojifanya Sioni Watu wa Landless

Naona haya kuisimulia hata leo, lakini mkinicheka nyinyi ni afadhali kuliko walivyonicheka wao. Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni hiki: mtu akiwa na gari lenye viti vitupu, na barabara ya kutoka mtaani kwetu Landless hadi kiwandani imejaa wenzake wanaotembea, ambebe nani? Mjomba alikuwa ameniazima gari lake kuukuu (aliona aibu mwenye digrii ya kemia kufika kazini na vumbi kwenye viatu), nami nikawaza, nikimbeba Mama Wambui wa pakingi, kule sabuni zinakofungwa, nitamwacha wifi yake, nikiwabeba wote wawili, vijana watasema nabeba wanawake tu, nikawaza hadi nikaamua dawa ni kutoona mtu. Basi kila asubuhi nikifika walipo nilikuwa nainama nikijifanya natafuta stesheni kwenye redio (redio yenyewe haikuwa hata na waya).

Ijumaa hiyo, saa mbili, meneja wa kiwanda chetu cha sabuni alikuwa aniambie kama nimethibitishwa kazini au nirudi nyumbani. Mbele nikamwona Mama Wambui ameinua mkono. Nikainama, tena kwa wasiwasi nikainama zaidi ya kawaida, na nilipoinuka gari lilikuwa linalala ubavu mtaroni, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Milango ikakataa, nikaanza kutokea dirishani, tai ikanasa, nikabaki nusu ndani nusu nje, na watu wote wamefika.

"Redio inasema nini leo?" akauliza Mama Wambui.

"Mama, sikuwaona."

"Tunajua. Hata jana hukutuona. Juzi nimekupungia leso mpaka mkono ukauma."

"Mwacheni atoke kwanza," akasema Hamisi, fundi wa boila, akishuka kwenye baiskeli yake. "Wee kijana, si leo ndio unaitwa kwa meneja? Panda nyuma."

Wakainasua tai, nikaangukia mtaroni, na nyuma yetu wakaanza kuliinua gari huku wakiimba, mimi nikiwa kwenye karia, matope hadi kiunoni, nimemkumbatia Hamisi kama bibi harusi, na kila tuliyempita alinisalimia kwa jina. Sikujua kwamba wanalijua jina langu. Nikawaitikia wote. Siwafichi, ilikuwa raha.

Meneja alikuwa getini. Akanitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Gari liko wapi?"

"Linakuja, bosi. Linasukumwa na watu wa pakingi."

Akacheka hadi akashika geti. "Nilikuwa na shaka moja tu, kama utaweza kuishi na watu. Nenda unawe, barua yako iko mezani."

Jioni hiyo nikampelekea mjomba gari na funguo zake kule Ruiru. Akauliza gari lina kasoro gani, nikamwambia halina (nililiosha mara mbili). Jumatatu nikatoka mapema kwa miguu, katikati ya Mama Wambui na wifi yake, ambao tangu Landless hadi getini hawakunipa hata nafasi ya kuwaza.