Nipe Mtoto, Uingie

Felisita alikuwa mtu wa kushika watoto wa wenzake. Pale kijijini Kimali, kwenye kila shughuli ya wanawake, iwe msiba, ubatizo au kuuza pamba, ungemkuta pembeni na mtoto mgongoni na mwingine mapajani. Aliwazaa wake, akawalea, na hedhi ilipokoma kabla hajafikisha hamsini alimshukuru Mungu, akasema sasa atapumzika. Kupumzika kwenyewe hakukuja, maana pamba haijui kwamba mtu amechoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Leo pamba ilinunuliwa na kampuni hii, kesho na ile, na matibabu nayo yalikuwa yamegeuka bidhaa. Simiyu ilipofanywa mkoa, Bariadi ikapata maofisi, mabenki na kliniki za watu binafsi. Kimali ikapata habari zake.

Siku moja ya mnada likapita gari lenye kipaza sauti. Wanawake waje zahanati kesho, wapimwe bure saratani ya mlango wa kizazi. Kiswahili kizuri cha ofisini. Felisita, ambaye nyumbani alisema Kisukuma, aliyasikia maneno hayo moja moja akayaelewa yote, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Mlango ni mlango, kizazi ni kuzaa. Aliyekoma kuzaa mlango wake umeshafungwa, sasa wapime nini? Rika lake lote walielewa hivyohivyo. Wakacheka, wakasema hiyo ni ya wakamwana wetu.

Kesho yake alimsindikiza mkamwana wake, Flora, ambaye alikuwa akiogopa. Walipofika Flora akasita.

"Nipe mtoto, uingie," Felisita akamwambia.

Akakaa barazani na mjukuu, pamoja na bibi wengine waliokuja kwa kazi hiyohiyo. Wahudumu walipita mbele yao kutwa nzima, wala hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Kuuliza si ujinga, ila siku hiyo kila mtu alikuwa mwerevu. Ndani, Flora alipakwa siki, ndicho kipimo chenyewe, doa jeupe likaonekana, likagandishwa kwa baridi palepale, akaambiwa amewahi. Gari likaondoka. Mwaka uliofuata halikuonekana.

Ni katika mwaka huo ndipo damu ilipomrudia Felisita. Ilikuja kidogo, ikakoma, ikarudi. Milembe, shoga yake tangu usichana, akamtania kwamba ujana umerudi, mumewe mzee Joakim ajihadhari. Felisita akacheka naye. Ilipoanza kunuka aliacha kucheka, akaacha na kukaa karibu na watu kanisani.

Zahanati ilikuwa na vidonge vya maumivu na maneno ya pole. Wakamtuma Bariadi. Akapanda basi, akafika hospitali moja ya mjini, akaambiwa nesi aliyesomea kazi hiyo yuko semina, aje wiki nyingine. Akarudi wiki nyingine. Nesi yupo, siki hakuna. Siki, hii hii ya kachumbari! Felisita alikaa kwenye benchi akakosa hata nguvu ya kukasirika.

Jirani yake kwenye benchi, Mwanaasha, mke wa mwenye duka la vitambaa, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Bila majivuno alimweleza kwamba yeye hupimwa kila mwaka kwenye kliniki ya mtaani kwao, akitoka hapo anapitia sokoni. Aliposikia habari ya siki aliona aibu kana kwamba kosa ni lake, akaenda kuleta chupa ya jikoni kwake.

Nesi hakuihitaji. Alitazama tu, na chupa ikabaki na kizibo chake. Akavua glavu taratibu.

"Mama, gari lilipokuja kwenu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale," Felisita akajibu. "Nje. Nilishika mtoto."

Mionzi ya kutibu saratani ilikuwa Dar es Salaam. Ng'ombe wakauzwa, akaenda, akarudi. Damu ilipungua, kiuno hakikuacha kuuma, na daktari hakumficha: amechelewa. Felisita hakulia sana. Alikuwa amechoka. Alichoka na mabasi, na mabenchi, na njoo kesho, hata na wanaokuja kumwombea wakikaa mno.

Hatimaye gari likarudi Kimali, na kipaza sauti kikasema maneno yaleyale. Felisita akamwomba Flora amshike mkono hadi zahanati. Barazani aliwakuta bibi walewale. Milembe alikuwa katikati yao na mjukuu mapajani, mkamwana wake yuko kwenye foleni. Felisita akajishusha polepole kando yake, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto, uingie."

"Mimi tena?" Milembe akasema. "Mlango wangu ulishafungwa, mayo, mama yangu."

"Na wangu ulikuwa umefungwa."

Milembe akamtazama shoga yake, akaona jinsi kitenge kilivyomzunguka mara mbili pale ambapo zamani kilitosha mara moja. Hakutania. Akampa mtoto, akaenda kupanga foleni nyuma ya mkamwana wake.

Bibi wa pili naye akasimama na mjukuu wake, akaangaza huku na huku hajui pa kumweka. Felisita akasogeza goti linalouma, akampokea na huyo.