Saa ya Rangi ya Mawese

Fundi saa wa Ujiji, mwana wa fundi, mjukuu wa yule aliyefufua saa za manahodha, hubana pumzi kila afunguapo saa. Leo kaletewa ya Kijerumani, ya bei mbaya, mpya lakini ya mtindo wa kizamani, uso wake rangi ya mawese. Rangi ile ikikwaruzwa hairudi. Anasogeza kibanio, kinatetemeka. Anakirudisha, anafuta miwani kwa pindo la kanzu, anajaribu tena.

“Baba, mkono unacheza ngoma?” bintiye Yasmini anamtania.

Siku nyingine angemrudishia utani wake. Sasa anauficha mkono mfukoni, anainuka kwenye kiti chake.

“Kaa hapa, mama. Huo uso utautoa wewe. Na usiupumulie.”