Sare Zilizobaki Mezani

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, na kanisani wanamwita Kiherehere. Jina hilo alilipata kwa haki. Aliona mapazia ya madhabahuni yamechafuka, akayachukua bila kumuuliza mtu, akayafua kwa maji ya moto, yakarudi mafupi kama kaptula. Mchungaji alihubiri huku waumini wakiuma midomo wasicheke. Baada ya ibada mwenyekiti wa akina mama alimwonya: akifanya tena jambo bila kutumwa, anatolewa kwenye kikundi. Na Shangazi ni mjane asiye na mtoto. Kikundi kile ndiyo familia yake, ukiniondoa mimi ninayemsumbua.

Basi akajifunza kungoja. Kulimtesa kuliko joto la pasi.

Kisha Mama Sweta, mwenzao anayefuma sweta na kuishi peke yake, akaanguka jikoni kwake na kuumia mguu. Kwa utaratibu wao, mgonjwa hatembelewi na mmoja mmoja. Wanakwenda wote, kwa sare, kwa nyimbo na sala. Safari hii wakaamua waende na sare mpya. Fundi akachelewesha, mvua ikanyesha, mwenyekiti akasafiri. Kila walipokutana walimwombea mgonjwa kwa machozi ya kweli, kila mmoja akidhani mwenzake amepita kumjulia hali.

"Nikamchungulie tu?" Shangazi aliuliza.

"Dada, umeanza tena? Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwenyekiti."

Wakacheka, naye akakaa.

Hatimaye, Jumamosi moja mchana, sare zikaletwa kwa dobi zinyooshwe, wenyewe wakizisubiri kanisani. Nilikuwa dukani nikimsaidia kukunja. Alipiga pasi gauni la kwanza, akaweka pasi chini, akaenda mlangoni, akarudi. Akanyunyiza maji kwenye mkono wa gauni ambao tayari ulikuwa umenyooka.

"Moyo unanienda mbio," alisema.

"Umekula, Shangazi?"

"Nimekula. Si njaa hii. Hivi huo mguu umetazamwa na daktari?"

"Watakuwa wamempeleka."

"Nani? Nitajie mtu mmoja, mwanangu."

Nilikasirika, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeridhika na hilo 'watakuwa'.

Akachomoa waya ukutani. "Wakinitoa, wanitoe. Mungu hakunipa mikono hii niikunje, halafu nimwombe atafute mingine."

Tuliacha sare zimerundikana mezani tukatoka mbio, yeye na kandambili zake. Mama Sweta anakaa nyuma ya kanisa, ukuta kwa ukuta. Mlango haukuwa umefungwa. Tulimkuta kwenye godoro sakafuni, ana homa kali, mguu umevimba hadi unang'aa, na chumba kinanuka kidonda. Kando yake kulikuwa na bakuli la uji ambalo jirani humpitishia dirishani. Alitutazama bila lawama yoyote, na hilo liliniuma vibaya.

Shangazi alikuwa amechuchumaa ili ambebe wakati kipaza sauti cha kanisani kilipokoroma upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti, imejaa kilio.

"Ee Bwana, mkumbuke dada yetu kitandani! Mtumie mtu, Bwana!"

"Amina!" wakaitikia akina mama.

Mama Sweta akalamba midomo iliyokauka. "Amina," akasema, halafu kwetu, kama anayeomba radhi, "Huwa naitikia nao kila wanapokutana."

Shangazi alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mimi nikishika ule mguu usigonge popote.

Hospitalini daktari alisema tumewahi, kwa bahati, na mguu utapona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamgeukia Shangazi nikidhani sasa atapumzika. Hakukaa. Alikuwa akienda na kurudi mbele ya benchi la wagonjwa, ananiuliza jambo moja tu, tena na tena.

"Ukuta wenyewe ule, mwanangu. Kwa hiyo na amina zangu alikuwa anazisikia?"