Yai la Kaku

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado yako njiani, nyumba yetu ya Kasulo, mtaa wa mji wa migodi, ilikuwa ikigongwa kutoka chini. Majirani walikuwa wamechimba mashimo vyumbani mwao wakitafuta kobalti, na jioni ukilaza sikio sakafuni ulisikia nyundo zao, ko, ko, ko, mbali kabisa. Mama, aliyeitwa Mama Mbombo kwa jina langu, alikuwa na mimba. Nilizoea kusikiliza sakafu, kisha kusikiliza tumbo lake, mpaka sikujua tena kipi ni kipi. Nilidhani mtoto naye anachimba, anatafuta njia ya kutoka.

Mimba ile ilitutia hofu. Iliyotangulia ilimpa Mama mtoto wa kiume ambaye hakuamka asubuhi ya pili, na maneno ya watu yakamwandama: yule mwanamke alikula nini? Maana nyumbani kwetu, watu wa asili ya Kasai, mwenye mimba hali mayai. Akila, mtoto anazaliwa kipara, mnyonge, hana nguvu ya kukaa duniani. Mlinzi wa mwiko huo alikuwa Kaku. Ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake Baba, na kuku wote wa uani walikuwa wake. Mayai alikula Baba. Mama alikula bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kesho sombe na bukari, na alipokonda Kaku alisema ni mtoto ndiye anakula.

Basi siku moja Mama alianguka kwenye bomba la maji, ndoo kichwani. Wanawake walimleta wamemshika makwapani, uso umepauka. Kesho yake nilimsindikiza kituo cha afya, nimeshika pindo la kitenge chake. Muuguzi alimvuta chini kope la jicho, akatazama, akaguna.

"Mama, damu iko kidogo sana. Ukule mayai, maharagi, majani ya lengalenga, samaki. Mutoto anajengwa sasa, hapana kesho. Ukibakia hivi, mutapotea bote babili."

Nyumbani Mama alimweleza Kaku yote, macho chini. Kaku alikuwa anapuliza makaa ya mbabula, jiko letu la bati. Nilingoja wagombane. Badala yake Mama akaanza kulia.

"Lakini mi siwezi kukula yai, Mama. Ule mwenye alitangulia alikufa. Huyu naye akikufa, batasema ni mi njo nilimuua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakumwogopa Kaku tu. Aliogopa yai lenyewe. Nikaogopa na mimi, nikaona tutampoteza kwa sababu ya kitu kinacholala kwenye kiganja.

Kaku aliacha kupuliza makaa. Kisha akainuka, akaenda kwa kuku wake, akarudi na yai katika pindo la nguo. Alilichemsha kwenye kopo. Vumbi la malori lilikuwa likiingia mlangoni na jua, likielea, jekundu na dhahabu, na sisi watatu tulitazama maji yakitokota kana kwamba hakuna kitu kingine mjini. Alilimenya taratibu, akalitia chumvi. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Alilipeleka mdomoni mwake, akalishusha, akalipeleka tena, akang'ata, akameza, akajipitishia kiganja kichwani.

"Kipara kinipate mi," alisema. "Mi niko muzee, nywele nitafanyia nini? Sasa ukule, Mama Mbombo. Yenye inabakia ni chakula tu."

Mama alikula huku analia. Alikula lote.

Tangu siku ile ikawa hivyo. Kila yai lilipitia kwanza kwenye meno ya Kaku, hayo machache aliyobaki nayo. Samaki pia, kwa sababu samaki walikuwa na mwiko wao. Baba alipouliza mayai yake yako wapi, mama yake akamjibu, "We uko na mimba? Kula maharagi." Ah, nilicheka mpaka nikapaliwa!

Kapinga alizaliwa mvua ikinyesha, nywele nyeusi zimemfika kwenye nyusi, analia kwa hasira. "Mamu wanyi!" Kaku alipiga kelele, "mama yangu" kwa lugha ya kwao, akamnyakua, na kitambaa chake cha kichwani kikateleza. Utosi wa Kaku ulikuwa mtupu, unang'aa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka zamani, nilizijua zile nywele. Kwangu jambo lilikuwa wazi: zimehama.

Kapinga alinyonya tu, kama muuguzi alivyotuagiza baadaye, hadi wakati wa uji ulipofika. Ulikuwa uji wa karanga na dagaa waliotwangwa, na kijiko cha kwanza kilikuwa cha Kaku. Hata alipoanza shule, Kapinga alinung'unika kwamba yai lake kila siku limeng'atwa.

Leo najua nywele za wazee hupungua, tena chini ya kitambaa kilichokazwa miaka yote. Sibishani. Lakini wanaosema bibi yangu alibuni ujanja tu hawakumwona akilishusha yai lile kabla ya kuling'ata. Kaku aliamini. Alikuwa na hakika kwamba anakula balaa, na alilila kwa ajili ya mtoto ambaye hajamwona. Nampenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Alishatuacha. Mimi sasa nakaa mtaa wa Manika, na tumbo langu linatangulia kila mahali ninapokwenda. Jana Kapinga alikuja kwa pikipiki ya taxi-moto, amekumbatia kikapu cha mayai ya wajukuu wa kuku wa Kaku. Nikachemsha moja, nikamenya, nikatia chumvi. Mimi huyu, ninayewagombeza wenzangu kuhusu miiko, nikabaki nalo mkononi. Mdomo haukufunguka.

Kapinga alinitazama. Akalichukua, akang'ata, akajipitishia kiganja juu ya msitu wake wote wa nywele.

"Kula, yaya," aliniambia mimi dada yake mkubwa, mdomo umejaa.

Nikala, nikianzia kwenye alama ya meno yake.